Jinsi ya kupima umbali wa fimbo na mwinuko kwenye gofu ya mtandaoni

Bendera iko yadi 150. Fimbo uliyoshika imeandikwa 150. Unajaza geji ya nguvu mpaka mwisho, unaisimamisha kwenye mstari bila kupepesa, na mpira unatumbukia kwenye mchanga yadi 10 kabla ya grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Mkono haukuwa na kosa lolote. Pembeni mwa ile 150 palikuwa na namba nyingine ndogo, +30 ft, na hiyo hukuihesabu.

Mwongozo huu ni wa michezo ya gofu inayofuata fizikia ya kweli na kukuonyesha namba: umbali wa bendera, tofauti ya kimo, upepo na hali ya nyasi. World Golf Tour, ambayo wachezaji huiita WGT na ilinunuliwa na Topgolf mwaka 2016, ni mfano mzuri. PGA TOUR 2K na EA Sports PGA Tour ziko kundi hilohilo. Michezo ya kuburuta na kuachia, yenye rangi nyingi na mashimo ya kubuni, ina kanuni zake, lakini hata huko sehemu ya jedwali la fimbo itakufaa.

Andaa daftari, kikokotoo cha simu na saa moja ya mazoezi yasiyo na mashindano. Bila ile saa moja, kila hesabu iliyoko huku chini itakuwa imejengwa juu ya mchanga.

Elewa kwanza kila namba inasema nini

Umbali wa bendera ni wa mstari ulionyooka kutoka ulipo mpira hadi kwenye shimo, kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Tofauti ya kimo huandikwa kando yake. Alama ya kujumlisha, au mshale wa juu, maana yake bendera iko juu yako. Alama ya kutoa, au mshale wa chini, maana yake iko chini.

Mtego wa kwanza uko kwenye vipimo. Umbali huandikwa kwa yadi, kimo kwa futi. Yadi 1 ni futi 3, kwa hiyo futi 30 za kupanda ni yadi 10, wala si 30. Wageni wengi hujumlisha futi kwenye yadi moja kwa moja na mpira unaruka grini nzima. Kama mchezo wako unaruhusu kubadili vipimo, weka mita kote: umbali kwa mita na kimo kwa mita, ugawaji kwa 3 hutauhitaji tena. Yadi 1 ni mita 0.914. Chagua kipimo kimoja na usikihame, kwa sababu jedwali lako litaandikwa kwa kipimo hicho.

Mtego wa pili: namba ya kimo ni ya bendera, au ni ya pale ulipoweka alama ya kulengea? Jaribu hivi. Simama kwenye tii (pale pigo la kwanza linapoanzia) ya shimo refu, sogeza alama ya kulengea mbele na nyuma, uangalie namba. Ikibadilika, inafuata alama. Isipobadilika, ni ya bendera tu, na kwa pigo la kwanza la shimo la par 4 au par 5 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 4 au 5) haikuhusu sana. Shimo la 10 la Augusta National, uwanja wa gofu wa Marekani, linaeleza jambo hili vizuri. Lina yadi 495, na kutoka tii hadi grini ardhi inashuka zaidi ya futi 100. Anayesoma mteremko wote huo kwenye tii na kuuingiza kwenye pigo la draiva, fimbo ya mapigo marefu kuliko zote, amejidanganya, maana mpira wake hautui kwenye grini. Unatua katikati ya njia (ukanda wa nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini), na pale ardhi imeshuka sehemu tu ya kiasi hicho. Sehemu iliyobaki ni ya pigo la pili.

Mtego wa tatu ni kuhesabu mara mbili. Baadhi ya michezo ina msaidizi anayekuonyesha umbali ambao tayari umeingiziwa kimo, au hata upepo. Ukiona namba mbili za umbali zisizolingana, moja ikiwa ya ramani na nyingine ya kuchezea, ya kuchezea imeshapikwa. Ukiiongezea kimo tena, umekwisha. Fimbo ambayo mchezo unakuchagulia wenyewe nayo mara nyingi imechaguliwa kwa umbali wa tambarare. Ichukue kama pendekezo la kuanzia.

Jedwali la fimbo

Namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni ahadi ya jumla. Haikuambii kama umbali huo ni hadi mpira unapotua au hadi unaposimama, na haikuambii mpira uliouchagua unaongeza au kupunguza kiasi gani. Unachohitaji ni namba mbili kwa kila fimbo: mruko, yaani kutoka pigo hadi mpira kugusa ardhi mara ya kwanza, na mbiringiko, yaani kutoka hapo hadi unaposimama.

Tafuta uwanja wa mazoezi, au shimo tambarare lisilo na upepo au lenye upepo hafifu kabisa. Tofauti ya kimo iwe chini ya futi 3. Halafu:

1. Chagua fimbo moja na mpira utakaotumia siku zote. Ukibadilisha mpira katikati ya majaribio, anza upya.
2. Piga mara 5 kwa nguvu ya 100%, bila spini (mzunguko wa mpira) ya kuongeza.
3. Andika mruko na mahali mpira uliposimama. Pigo ambalo hukuligonga sawasawa kwenye mstari lifute, usiliingize kwenye wastani.
4. Piga mara 3 kwa 75% na mara 3 kwa 50%.
5. Nenda fimbo inayofuata.

Hatua ya 4 ndiyo wengi huiruka, nayo ina faida kubwa. Inakuonyesha kama geji inakwenda sawia. Fimbo yenye mruko wa yadi 160 ikipigwa kwa 75% inapaswa kutua yadi 120, na kwa 50% yadi 80. Ukipata 120 na 80, geji iko sawia na unaweza kuamini hesabu ya kugawa. Ukipata 120 lakini kwa nusu ukapata 74, basi huku chini inapungua zaidi ya inavyoonyesha. Liandike hilo pembeni ya fimbo hiyo. Weji, fimbo za mapigo mafupi ya juu, huwa na tabia hii kuliko fimbo nyingine, na weji ndizo unazopiga kwa nguvu pungufu mara nyingi.

Kutafuta nguvu ya pigo ni kugawa tu: umbali unaoutaka, gawa kwa mruko kamili wa fimbo. Unataka yadi 140 kwa fimbo ya 160: 140 ÷ 160 ni 87.5%.

Hapo hapo tazama thamani ya asilimia moja. Kwenye fimbo ya yadi 160, kosa la 1% ni yadi 1.6. Kwenye draiva ya yadi 250, kosa hilohilo ni yadi 2.5. Ndiyo maana fimbo mbili zinapoweza kufika, chukua fupi na uipige karibu na kujaa. Isipokuwa usiipige 100% kamili kama huna sababu. Fimbo inayohitaji 92% hadi 97% inakuachia nafasi ya kusahihisha, na geji haikupiti.

Mwinuko: hapa ndipo pigo linaposhindikana

Kanuni inayozunguka miongoni mwa wachezaji ni hii: futi 3 ni yadi 1, ongeza ukipanda, punguza ukishuka. Si mbaya kwa kuanzia. Lakini inachukulia kwamba fimbo zote zinashusha mpira kwa pembe moja, na hilo si kweli.

Chukulia embe linaloanguka kutoka mtini. Linashuka wima. Ukipandisha ardhi futi 3 chini yake, litatua palepale, mapema kidogo tu. Sasa chukua jiwe lililorushwa chinichini kwa kombeo, linalokwenda karibu sambamba na ardhi. Ukipandisha ardhi futi 3 mbele yake, litagonga mbali sana na pale ambapo lingefika. Mpira wa gofu uko katikati ya viwili hivi. Weji iko karibu na embe, draiva iko karibu na jiwe. Kadiri mpira unavyotua kwa pembe ya chini, ndivyo kimo kinavyokula umbali zaidi.

Vipimo vya TrackMan, rada inayofuatilia mruko wa mpira, vya wastani wa wachezaji wanaume wa PGA Tour (mashindano ya wataalamu wa Marekani) vinatupa pembe za kutua za kuanzia. Ukigawa 1 kwa tanjenti ya pembe, unapata kizidisho (wudi ni fimbo za mapigo marefu, chuma ni za umbali wa kati):

- Draiva: nyuzi 38, kizidisho 1.28
- Wudi 3: nyuzi 43, kizidisho 1.07
- Chuma 5: nyuzi 49, kizidisho 0.87
- Chuma 7: nyuzi 50, kizidisho 0.84
- Chuma 9: nyuzi 51, kizidisho 0.81
- Weji ya kawaida: nyuzi 52, kizidisho 0.78

Hesabu inakwenda hivi: futi za kimo, gawa kwa 3, zidisha kwa kizidisho cha fimbo. Kupanda futi 30 kwa chuma 7 ni 10 × 0.84, yaani yadi 8.4 za kuongeza. Kupanda futi hizohizo 30 kwa draiva ni 10 × 1.28, yaani yadi 12.8. Tofauti ya yadi 4 na ushei kwa mlima uleule. Kwa kushuka, unatoa badala ya kujumlisha.

Namba hizo ni za mpira halisi hewani. Mchezo wako unaweza kutofautiana nazo, hasa kama una fimbo zenye mruko wa juu au wa chini kuliko kawaida. Kwa hiyo zipime:

1. Tafuta shimo la par 3 lenye kushuka au kupanda kwa angalau futi 30. Kimo kidogo kuliko hicho kitafunikwa na makosa ya mkono. Ndani ya WGT, Wolf Creek ya Nevada inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa uwanja wenyewe umekatwa kwenye makorongo na karibu kila shimo lina mteremko.
2. Subiri upepo hafifu, au anzisha upya mpaka uupate.
3. Piga fimbo uliyokwisha kuipima, kwa 100%, mara 5, ukilenga kutua mahali penye kimo kilichoandikwa.
4. Tafuta tofauti kati ya mruko wa tambarare na mruko ulioupata.
5. Gawa jibu hilo kwa yadi za kimo. Hicho ndicho kizidisho chako.

Mfano: chuma 7 chako kinaruka yadi 160 kwenye tambarare. Kwenye shimo linaloshuka futi 36, kinaruka 170. Umepata yadi 10 za ziada kwa yadi 12 za kimo. 10 ÷ 12 ni 0.83. Andika 0.83, na vizidisho vya TrackMan viweke kando kwa fimbo hiyo.

Mambo matatu hubadilisha kizidisho, na kila moja limewahi kumpotezea mtu mashindano.

La kwanza ni ukubwa wa mteremko. Mpira unaposhuka chini ya kiwango ulichopigiwa, unaendelea kujikunja na pembe inazidi kuwa wima. Kwa hiyo kwenye mteremko mkubwa, wa futi 60 na kuendelea, kizidisho hupungua kidogo. Ukitumia 0.84 ileile utapunguza nguvu kupita kiasi na mpira utaanguka mfupi. Upande wa kupanda ni kinyume: mpira unakatizwa safari mapema, pembe ikiwa bado ya chini, na kizidisho huongezeka. Pandisho kubwa lina ubaya wa ziada: hata chuma kirefu huinuka wastani wa yadi 30 tu hewani, sawa na futi 90. Kilima kikikaribia kimo hicho, mpira unakigonga ubavuni.

La pili ni nguvu ya pigo. Pigo la nusu halipandi juu kama pigo kamili, kwa hiyo halitui kwa wima uleule. Weji iliyopigwa 40% haina tena ile 0.78 ya weji iliyojaa. Anza na 1.0 kwa mapigo ya chini ya nusu, kisha sahihisha kwa majaribio.

La tatu ni pigo la chini la makusudi, lile la kupita chini ya upepo au matawi. Pembe ya kutua inaweza kushuka chini ya nyuzi 30, na kwa nyuzi 30 kizidisho ni 1.73. Futi 15 za kupanda, ambazo kwa pigo la kawaida ni yadi 4, hapo zinakuwa yadi 8 na zaidi. Sehemu ya upungufu huo hurudishwa na mbiringiko, lakini tu kama mbele hakuna mchanga.

Mbiringiko nao unahusiana na kimo. Ukipanda, mpira unafika kwa pembe ya chini na unakimbia zaidi baada ya kutua. Ukishuka, unafika wima na unatulia haraka. Kwa hiyo kama chuma 7 chako kinabiringika yadi 5 kwenye grini ya tambarare, weka 6 au 7 kwa grini iliyoko juu sana, na 3 au 4 kwa iliyoko chini sana.

Kuna jambo moja zaidi la jina hilohilo ambalo huchanganya. Mwinuko kutoka usawa wa bahari si tofauti ya kimo kati yako na bendera. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira halisi hapo unaruka kwa takriban asilimia 5 zaidi kuliko Mombasa kwa pigo lilelile, hata kama bendera iko sawasawa na miguu yako. Mchezo unaozingatia hewa utakuonyesha hilo kwa mapigo yote kurefuka uwanjani kwa uwiano mmoja, ya kupanda, ya kushuka na ya tambarare. Ukiliona, zidisha jedwali zima kwa uwiano huo kabla ya kugusa kizidisho cha kimo.

Upepo, kwa kiasi kinachohusu umbali

Upepo wa mbele hudhuru kuliko upepo wa mgongoni unavyosaidia. Anza na makadirio haya: kila maili 1 kwa saa ya upepo wa mbele, ongeza 1% ya umbali; kila maili 1 ya upepo wa mgongoni, punguza 0.5%. Upepo wa mshazari, wa nyuzi 45 hivi, chukua takriban 0.7 ya nguvu yake kuwa ya mbele au ya nyuma, na kiasi hichohicho kuwa cha kusukuma pembeni.

Upepo na kimo havikai mbalimbali. Pigo la kushuka sana linakaa hewani muda mrefu, na upepo unapata muda wa kulichezea. Shimo la 7 la Pebble Beach, uwanja wa pwani ya California, ni fupi, yadi 100 na kidogo tu, linashuka kuelekea baharini, na upepo ukivuma kutoka majini fimbo inayohitajika inaweza kubadilika mara mbili au tatu kwa umbali uleule. Kwenye shimo la aina hiyo, hesabu ya upepo ifanye kwa umakini kuliko ya kimo.

Nyasi ndefu na mchanga: gawa, usijumlishe

Mpira ukiwa nje ya njia, mchezo huonyesha asilimia, tuseme 80–90%. Maana yake pigo lako litafika asilimia kati ya hizo za umbali wa kawaida. Chukua ya katikati, 85%.

Unataka yadi 150. Wengi husema, nimepoteza 15%, basi naongeza 15%: 172.5. Piga hesabu kurudi nyuma: 172.5 × 0.85 ni 146.6. Umepungukiwa zaidi ya yadi 3. Sahihi ni 150 ÷ 0.85, yaani 176.5. Kadiri nyasi zinavyokuwa mbaya ndivyo kosa hili linavyokua. Kwenye mchanga wa 60%, kujumlisha 40% kwa yadi 100 kunakupa 140, na mpira unafika 84.

Mpangilio wa hesabu, kwa pigo moja zima

Bendera yadi 152, kupanda futi 24, upepo wa mbele maili 8, nyasi 90–95%.

1. Toa mbiringiko. Ni pigo la kupanda, weka yadi 6. Sehemu ya kutua: 152 − 6 = 146.
2. Kimo. 24 ÷ 3 = 8. Itakuwa fimbo ya kati, chuma 5 au 6, kizidisho 0.87: 8 × 0.87 = 7. Sasa ni 153.
3. Upepo. 8% ya 153 ni 12. Sasa ni 165.
4. Nyasi. Katikati ni 92.5%: 165 ÷ 0.925 = 178.
5. Fimbo. Una moja yenye mruko wa 172 na nyingine ya 185. Ya 172 haifiki. Chukua ya 185: 178 ÷ 185 = 96%.

Usifuate mpangilio mwingine. Ukigawa nyasi kabla ya kuongeza kimo na upepo, zile yadi 19 za kimo na upepo hazitafidiwa na utapungukiwa yadi 1 na nusu. Kwenye nyasi mbaya zaidi upungufu unakua.

Kisha, kabla ya kupiga, pima ncha mbili. Nyasi zikikupa 90%, pigo la 178 litafika 160. Zikikupa 95%, litafika 169. Ulitaka 165. Una nafasi ya yadi 5 mbele au nyuma ambayo mkono wako hauna mamlaka nayo. Sasa tazama grini: mchanga uko mbele au maji yako nyuma? Kama hatari iko mbele, pandisha hadi 98%. Kama iko nyuma, shusha hadi 94%. Hapo ndipo hesabu inapoishia na uamuzi wako unapoanza.

Kwenye grini

Hapa umbali ni futi na kimo ni inchi, na mbio za grini ndizo zinazoamua inchi moja ina thamani gani. Mbio hupimwa kwa kifaa kilichobuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935: mpira huachiwa kwa kasi ya karibu futi 6 kwa sekunde, na futi unazobiringika ndizo namba ya grini. Nguvu ya mpira wenye kasi hiyo inatosha kuupandisha takriban inchi 9.4. Kwa hiyo gawa namba ya grini kwa 9.4 na utapata inchi moja ya kimo ni sawa na futi ngapi za tambarare:

- Grini ya 8: futi 0.85
- Grini ya 10: futi 1.06
- Grini ya 12: futi 1.28

Ile kanuni maarufu ya inchi moja kwa futi moja inafaa grini za wastani. Kwenye grini za mashindano itakuacha mfupi ukipanda, na mrefu ukishuka.

Msukumo wa futi 18, kupanda inchi 4, grini ya 12: 18 + (4 × 1.28) = 23.1. Ongeza futi 1 ili mpira uwe na nguvu ya kupita shimo: 24.1. Kama fimbo yako ya kusukumia ina vipimo vya kuchagua, mathalani 30 na 60, chukua kidogo kinachotosha. Kwenye cha 30 utasukuma 80%, na kosa la 1% ni inchi 3.6. Kwenye cha 60 ni 40%, na kosa hilohilo ni zaidi ya inchi 7.

Kushuka kuna mpaka wake. Futi 10, kushuka inchi 8, grini ya 12: inchi 8 × 1.28 ni futi 10.2. Hesabu inatoa namba chini ya sifuri. Maana yake mteremko unausukuma mpira kuliko nyasi zinavyouzuia, na ukiugusa tu hautasimama mpaka ardhi ilale. Usihangaike kutafuta nguvu ya kuusimamisha kando ya shimo. Lenga katikati ya shimo kwa mguso mdogo, na pigo lililotangulia lile la kufikia grini ndilo ulipaswa kuliacha chini ya bendera.

Ukikosa, soma kosa lenyewe

Andika kila pigo la kuingia grini kwa raundi tatu: ulichokokotoa, kilichotokea, na kama geji uliigonga sawa. Geji inayorukaruka ni dalili ya intaneti dhaifu au kivinjari kilichojaa madirisha. Funga vingine vyote, na mapigo ya wakati huo usiyaingize kwenye daftari.

Kisha yapange. Mapigo ya tambarare yakiwa mafupi pamoja na ya kupanda na ya kushuka, jedwali la fimbo ndilo limepitwa, aghalabu kwa sababu umebadilisha mpira au umepata fimbo mpya. Pima upya. Ya tambarare yakiwa sawa, ya kupanda mafupi na ya kushuka marefu, kizidisho chako ni kidogo, kiongeze kwa 0.05 na ujaribu tena. Ya kupanda yakiwa marefu na ya kushuka mafupi, kipunguze kwa kiasi hicho. Na ukiona mapigo yote ya grini yanatua sawa lakini yanasimama mbali, umbali wa fimbo na mwinuko havina kosa. Kinachohitaji kupimwa upya ni mbiringiko wa uwanja ule, maana grini ngumu na grini laini hazipokei mpira kwa namna moja.